Siku Mtemi Alipoacha Kuogopa Ukame

Mzee aliyenipokea alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini, upande wa Ntuzu, mwendo wa bodaboda kutoka Bariadi mjini. Tuliamkiana "mwangaluka", akaniuliza ukoo wangu, akaridhika. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto na kuanza kuwahesabu watemi kwa vidole. Kila jina alikunja kidole. Alipofika cha nne hakukikunja. Alikishika, akakitikisa kidogo, akasema, "Huyu walimwondoa." Nikamwuliza kwa nini. Akajibu neno moja tu: "Mvua." Akaendelea kuhesabu.

Nimeisoma na kuifundisha historia ya Usukuma kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: watemi walikwenda wapi? Wengi hujijibu wenyewe kabla sijafungua kinywa. Walifutwa mwaka 1963, Nyerere aliwaondoa, basi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Linatueleza siku ya mazishi na kuacha kutueleza ugonjwa. Neno moja la mzee yule linatufikisha karibu zaidi na chanzo cha kifo chenyewe, na ndilo ninalotaka kulifafanua leo.

Majina yaliyobaki bila wenyewe

Simama stendi ya Bariadi asubuhi usikilize makonda wakiita abiria. Dutwa! Itilima! Maswa! Meatu! Mtu aliyezaliwa juzi husikia vituo vya basi. Aliyesoma historia husikia orodha ya dola ndogo zilizokwisha. Dutwa ulikuwa utemi. Itilima ulikuwa utemi, na leo ni wilaya yenye makao makuu Lagangabilili. Kanadi, ambayo leo ni tarafa ndani ya Itilima, ilikuwa na mtemi wake. Ntuzu vilevile, na huo ulikuwa utemi mkubwa. Kule Maswa kulikuwa na Mwagala, na upande wa kusini zilikuwepo Meatu na Kimali.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga. Ulitangazwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikaletwa kutoka Mwanza. Ukaitwa kwa jina la mto unaoteremka hadi Ziwa Victoria. Lakini ndani ya ramani hiyo mpya ya tarafa, kata na wilaya, mipaka ya zamani imelala kama msingi wa nyumba iliyobomolewa. Serikali iliufuta utemi, kisha ikayachukua majina yake kwa ajili ya utawala. Wananchi nao hawakuyaacha. Mtu wa Bariadi akiwa Dar es Salaam na kuulizwa ni Msukuma wa wapi, atasema bila kusita kuwa ni Mnyantuzu. Anajitambulisha kwa jina la utemi ambao hakuwahi kuuona, na pengine hata baba yake hakuuona.

Tuna neno jingine la namna hiyo ambalo tunalitumia kila siku. Makazi ya mtemi kwa Wasukuma na Wanyamwezi yaliitwa ikulu. Neno hilo leo limewekwa kwenye makazi ya Rais wa Jamhuri. Cheo kilizimwa, na neno lake likapanda hadi juu kabisa ya nchi.

Jinsi cheo kinavyokufa Uingereza

Ili tuone utemi ulikufa kifo cha namna gani, tuuweke kando ya cheo kilichokufa kifo tofauti kabisa, katika kipindi kilekile.

Mwaka 1694 mfalme wa Uingereza alimpa Thomas Osborne cheo cha Duke of Leeds. Osborne alikuwa mwanasiasa mkubwa, mmoja wa wale waliomwalika William wa Orange kuja kuchukua kiti cha enzi mwaka 1688. Kama ilivyo kwa vyeo vingi vya nchi ile, urithi ulifuata uzao wa kiume peke yake: mtoto wa kiume wa mtoto wa kiume, na asipopatikana, unarudi nyuma hadi upate tawi jingine lenye mwanamume. Familia hiyo ilidumu na cheo chake kwa miaka 270.

Julai 1963 duke wa 11 alifariki. Alikuwa na binti, lakini binti hakuweza kurithi. Cheo kikamwendea ndugu wa mbali, D'Arcy Osborne, mzee wa miaka 78 ambaye hakuwa na mke wala mtoto. Huyu ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Vatican wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa duke kwa miezi isiyofika minane. Machi 1964 alifariki, na cheo kikafia hapo, kwa sababu hapakuwa na mwanamume mwingine wa kukipokea.

Zingatia kilichokiua. Hakuna bunge lililokifuta, wala hakuna wananchi waliokikataa. Kilikufa kwa sababu kilifungwa kwenye mwili wa mwanamume, na miili ikaisha. Wanawake wa ukoo walikuwepo, na walikuwa na watoto. Mmoja wao, Moira, dada wa duke wa 11, alikuwa na watoto wa kiume. Mume wake alikuwa Oliver Lyttelton, waziri wa makoloni wa Uingereza kuanzia mwaka 1951 hadi 1954. Ni katika kipindi chake, mwaka 1953, Tanganyika ilipotungiwa sheria ya machifu iliyoeleza mamlaka na wajibu wao, watemi wetu wa Ntuzu na Kanadi wakiwa miongoni mwao.

Yaani serikali ambayo waziri wake aliingia kwa ndoa katika nyumba ya Leeds ndiyo iliyokuwa ikiandika sheria ya utemi. Na kama nyumba ya Leeds ingefuata desturi ya zamani ya Kisukuma, cheo chake kisingekufa. Watoto wa Moira ndio hasa wangetazamwa kwanza.

Tumbo la dada

Hapa ndipo Msukuma wa kale alipomzidi Mwingereza maarifa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa kiume wa mtemi hakuurithi utemi. Mrithi alitafutwa miongoni mwa wana wa dada zake, watoto wa wanawake wa ukoo wa kitemi. Sababu yake iko wazi kwa yeyote anayefikiri: mtoto wa dada damu yake haina shaka. Lakini faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi kuliko hiyo. Wana wa dada walikuwa wengi, wakitoka nyumba mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa akiwa mtemi. Ilibidi achaguliwe.

Waliochagua waliitwa banang'oma, wana wa ngoma, wazee waliotunza ngoma za utemi na kusimamia ibada zake. Mtemi akifa, hao ndio waliokaa na kupima. Huyu ana hasira za haraka, yule ana bahati na mvua, yule mwingine ukoo wa mama yake una ugomvi na majirani. Siku ya kumtawaza, ngoma ndiyo iliyotangaza kwamba nchi ina mwenyewe. Kwa mzee wa Kisukuma, kusema ngoma ni kusema utawala.

Neno mtemi lenyewe lina maelezo mawili, na yote mawili yana maana kwetu. Wapo wanaosema linatokana na kutema kwa maana ya kukata pori, kama tunavyosema kutema kuni: mtemi ni yule aliyefyeka kwanza. Wapo wanaosema ni kukata shauri: mtemi ni yule ambaye maneno yakishazungukwa yote, yeye huyakata. Sioni haja ya kuchagua. Mtemi alitakiwa kufanya yote mawili, kuifungua nchi na kuyafunga magomvi.

Masimulizi mengi ya nyumba za kitemi yanamtaja mwanzilishi aliyetoka mbali, mara nyingi mwindaji, aliyewakuta wakulima na kupata utawala juu yao. Tangu hapo nyumba zilipanuka kwa kugawanyika. Mwana wa ukoo aliyekosa ngoma hapa alichukua watu wake na kwenda kuanzisha utemi kule. Ndiyo maana Usukuma haukuwahi kuwa na mfalme mmoja. Wakoloni walikuta zaidi ya temi 50, kila mmoja na ikulu yake, na chini yake wanangwa waliosimamia magunguli, yaani vijiji vya wakati huo.

Utawala wa namna hiyo ulikuwa na hofu yake. Nchi ilikuwa pana na watu walikuwa wachache, kwa hiyo utajiri wa mtemi ulikuwa watu. Kaya isiyoridhika ilifunga mizigo, ikaswaga ng'ombe na kuhamia kwa mtemi jirani, ambaye aliipokea kwa furaha. Vijana nao walikuwa na umoja wao chini ya nsumba ntale, na mtemi hakuweza kupata mashamba yake yalimwe bila kusikilizana na kiongozi huyo. Wazee, banamhala, walikuwa na baraza lao. Na juu ya hao wote ilikuwepo mvua.

Nchi yetu hii ya Simiyu ni ya mvua za kubahatisha. Kila mkulima wa pamba na mtama anajua tofauti kati ya wingu la kweli na wingu la kudanganya. Mtemi alibeba jukumu la mvua. Yeye mwenyewe au kwa kupitia waganga wa mvua aliowaita, nchi ilimdai inyeshe. Ukame ukirefuka, maswali yalianza polepole: amevunja mwiko gani? Amemkosea nani? Yakifika mbali, aliondolewa, na mwana mwingine wa ukoo akatafutwa.

Najua msomaji wa leo atasema kumwondoa mtawala kwa sababu ya mawingu ni kumwonea. Ni kweli, mtemi hatengenezi mvua. Lakini tazama kanuni iliyo chini ya imani ile. Nchi ikiwa na njaa, mtawala hawezi kukaa ameshiba na kusema hayamhusu. Hali ya watu ndiyo kipimo cha uhalali wake. Kidole kile ambacho mzee hakukikunja kilikuwa kinaeleza katiba nzima.

Mshahara hausubiri mvua

Wajerumani walijenga boma lao Mwanza katika miaka ya 1890 na kuanza kuwatumia watemi kukusanya kodi na watu wa kazi. Lakini mabadiliko makubwa yalikuja na Waingereza. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema masikioni: kuwatawala Waafrika kwa kupitia viongozi wao wenyewe na desturi zao wenyewe.

Kilichofanyika kilikuwa kinyume chake. Nafaka na kazi ambazo watu walimpa mtemi zilikomeshwa na mahali pake pakawekwa mshahara kutoka hazina ya wenyeji, iliyopata fedha zake kwenye kodi. Kwa macho ya mhasibu hilo ni jambo safi: mahesabu yanaonekana, hakuna kuonewa. Kwa macho ya Mnyantuzu, mtemi alikuwa amekatwa kitovu na nchi yake. Zamani alikula walichovuna watu, na wasipovuna hakula. Sasa mshahara ulimfika mwisho wa mwezi, imenyesha au haijanyesha.

Ndiyo maana ninasema utemi ulianza kufa siku mtemi alipoacha kuogopa ukame. Hofu yake ilihamia kwingine. Alianza kumwogopa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, kwa sababu serikali ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kumthibitisha na kumfukuza. Banang'oma waliendelea kuzitunza ngoma, lakini neno la mwisho halikuwa lao tena.

Urithi nao ukabadilika. Katika miaka hiyo ya Waingereza, mtoto wa kiume wa mtemi alianza kuchukua nafasi ya mpwa. Serikali iliyataka hayo, na watemi wenyewe hawakuchukia, maana nani hapendi kumwachia mwanawe? Lakini kulikuwa na sababu ya kiutendaji pia. Boma lilitaka mtemi anayejua kusoma na kuandika, na shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa katika miaka ya 1920 ikiwalenga wana wa machifu. Mtoto wa kupelekwa shule lazima ajulikane mapema. Uchaguzi wa wana wa dada, unaofanyika mtemi akishakufa, haukuendana na orodha ya wanafunzi. Hivyo Msukuma akapewa urithi unaokaribia ule wa duke wa Leeds, wa baba kwa mwana, wakati kule kwenyewe ulikuwa unaelekea ukingoni.

Shule ile ilizaa watu wazito, na lazima tuwape haki yao. Kidaha Makwaia wa Busiya, jirani zetu upande wa Shinyanga, alisoma hadi Makerere. Mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Huku Maswa, Mtemi Majebere wa Mwagala alikuwa na sauti kubwa miongoni mwa watemi wa Usukuma waliounganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa mara ya kwanza watemi wa Usukuma walikaa baraza moja. Ungedhani utemi umefika kileleni.

Kumbe Malya ndiko ulikoumia. Shirikisho lilibebeshwa mpango mkubwa wa serikali wa maendeleo ya Usukuma, na mpango huo ulikuja na amri nyingi: lima matuta, weka samadi, ng'oa na uchome mabua ya pamba baada ya mavuno, punguza mifugo, toa kodi ya ng'ombe. Nyingi zilikuwa na sababu za kitaalamu. Nimeona makorongo ya Maswa na Itilima, na siwezi kusema mtaalamu aliyeogopa mmomonyoko alikuwa na kosa. Lakini amri ya kupunguza ng'ombe, kwa Msukuma, ni amri ya kupunguza mahari, akiba na heshima. Na aliyeitangaza, aliyeisimamia na aliyetoza faini kwa jina lake alikuwa mtemi. Babu yake aliitwa kwa ajili ya kuleta mvua. Yeye alikuja na karani na daftari la faini.

Kazi ya kukata shauri nayo ilikuwa imempata mwenyewe mpya. Kilio kikubwa cha wakulima wa miaka ya 1950 kilikuwa mizani ya pamba. Mkulima alifika na mzigo wake kwa mnunuzi, akapimiwa, akaambiwa uzito ambao mgongo wake mwenyewe ulijua si kweli. Waliosimama kwenye mizani hiyo kumtetea walikuwa vijana wa ushirika, Paul Bomani akiwa mbele yao. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho kubwa la ushirika la Victoria. Mkulima wa Dutwa aliyeona haki yake inarudi kilo kwa kilo alijua sasa nani anayekata mashauri yake.

Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku chama cha TANU Usukumani tangu mwaka 1954 hadi 1958, na hapo watemi wakabaki upande usiofaa. Mwaka 1958, maelfu ya watu walipotoka Geita kwenda Mwanza kupinga baraza walilolazimishwa, ilikuwa wazi kwamba nchi imepata sauti ambayo haipiti ikulu.

Karatasi ya 1963

Kwa hiyo mwaka 1963 Bunge la Tanganyika huru lilipoifuta sheria ya machifu na cheo chenyewe, hapakuwa na vita wala maandamano ya kukitetea. Sheria hiyo ilikuwa cheti cha kifo cha mtu aliyekwisha kufa.

Aliyeongoza serikali hiyo hakuwa mgeni wa mambo haya. Julius Nyerere alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, na kaka yake Edward Wanzagi alikaa kwenye kiti cha baba yao. Mwalimu aliondoa kiti cha nyumba yake mwenyewe pamoja na vingine vyote. Wapo watemi na machifu waliopata kazi nyingine katika nchi mpya. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri, na Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe aliongoza Bunge kwa miaka mingi akiwa Spika. Wengine walirudi kwenye ng'ombe wao.

Sitaki kuandika kana kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa. Tazama Uganda, ambako ufalme wa Buganda uliingia uhuru ukiwa na nguvu zake. Mei 1966 majeshi ya serikali yalishambulia ikulu ya Mengo, Kabaka Mutesa akakimbia, akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa, kisha nyingi zikarudishwa kuanzia mwaka 1993, na hadi leo hazijamaliza kuvutana na dola. Zanzibar, Sultani Jamshid aliondolewa kwa mapinduzi Januari 1964, damu ikamwagika. Tanganyika ilizika viti vyake vya enzi bila damu. Mtoto wa Kimali na mtoto wa Kanadi wanasoma darasa moja bila kuulizana mtemi wao ni nani. Hiyo ni faida kubwa, na aliyeileta tumshukuru.

Lakini katika kuzika tulizika kupita kiasi. Tulizika cheo, sawa. Tulizika pia baraza la banamhala, nguvu ya nsumba ntale na ile haki ya wananchi kusema huyu hatufai, aende. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilipohamisha kaya na kuzipanga upya, watu wengi waliachana na magunguli yao na kutenganishwa na makaburi waliyokuwa wakiyatambikia. Kumbukumbu ilipoteza mahali pa kukaa.

Jina linaloamka lenyewe

Halafu likatokea jambo ambalo, kwangu mimi, ni ushahidi mzito kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi Usukumani na Unyamwezini. Vituo vya polisi vilikuwa mbali, na wezi walikuwa na silaha. Vijiji vikajiundia ulinzi wao, sungusungu, kwa pinde na mishale, kwa filimbi na mayowe yanayopokezana kutoka kijiji hadi kijiji usiku kucha. Na walipomtafutia kiongozi wao jina, hawakuchukua mwenyekiti wala kamishna. Walimwita ntemi.

Miaka 20 baada ya sheria kulifuta, neno lilichomoza lenyewe kutoka ardhini, bila ukoo wa kitemi, bila mshahara, bila barua ya gavana. Ntemi huyu wa sungusungu alikuwa mkulima wa kawaida ambaye wenzake walimwamini, na aliyeweza kuachwa kesho yake wakimchoka. Alirudisha kile ambacho mtemi wa mshahara alikipoteza. Sungusungu nayo ilikuwa na dhambi zake: ilipiga watu, iliua, iliwaonea wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Hayo hayafunikwi. Lakini mwaka 1989 serikali iliitambua kisheria kupitia sheria ya mgambo, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

Leo tuko katika wimbi jingine. Septemba 2021, Kisesa mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu na kupewa jina la Chifu Hangaya, nyota ing'aayo. Umoja wa Machifu Tanzania unaalikwa kwenye shughuli za kitaifa. Pale Bujora, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ngoma za kitemi zimehifadhiwa, na kila Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana kucheza. Nyumba za kitemi zinasimika watu, mavazi yanashonwa, vigoda vinachongwa. Nafurahi kuona watoto wanauliza.

Ila nina wasiwasi, na nausema kwa heshima kwa wazee wangu wote wenye jina hilo. Tunachofufua zaidi ni kofia, usinga na kiti cha mbele kwenye mikutano. Chifu wa leo anasimikwa mara moja na kukaa maisha yake yote, na baada yake mwanawe. Hilo ndilo umbo ambalo boma lilitupatia katika miaka ya 1920 na 1930, na sasa tunaliita mila. Mila ya kale ilikuwa na wachaguzi na walioweza kuondoa. Ilipitia kwa wanawake. Tukirudisha utemi bila banang'oma wenye kauli, na bila kuwatazama watoto wa dada na hata dada wenyewe, tumemrudisha mtemi wa bwana shauri, si wa Ntuzu.

Pendekezo langu ni dogo, na linaweza kuanza mwaka huu bila bajeti. Kila shule ya sekondari iliyo kwenye eneo la utemi wa zamani, Dutwa, Kanadi, Mwagala, Kimali na kwingineko, iwatume wanafunzi kwa wazee walio hai kuandika majina ya watemi. Lakini wasiishie kwenye majina. Kwa kila mtemi waandike mambo matatu: nani walimchagua, mama yake alitoka nyumba gani, na alitokaje madarakani. Orodha ya waliotawala tunayo vipande vipande. Orodha ya walioondolewa, na sababu zake, ndiyo inayokwenda makaburini na wazee kila msimu.

Siku ile chini ya mwarobaini nilimwacha mzee amalize vidole vya mkono wa kushoto, akahamia wa kulia. Karibu na mwisho alikishika tena kidole bila kukikunja. "Na huyu aliondolewa." Nikauliza, mvua tena? Akatikisa kichwa. "Boma." Akafika jina la mwisho, akakunja kidole hicho taratibu, akanitazama. "Huyu ni serikali. Aliletewa karatasi."

Kisha akavifungua vidole vyote, akaviweka magotini. "Yule wa kwanza," aliniambia, "ndiye tuliyemwondoa sisi."